Kuifuata molekuli moja mpaka kwenye skrini: shajara ya mradi wa mafunzo

Wiki ya 1

Tumeanza na wanagenzi wanne: mkemia, mhandisi, mwanabiolojia wa seli na daktari. Wamemaliza shahada zao si zamani, na kila mmoja ni hodari kwenye fani yake. Mradi ni wa miezi sita. Ninachokitaka ni kwamba tukifika mwisho, kila mmoja wao aweze kusimama mbele ya picha ya uvimbe wa saratani na kueleza nuru ile imetoka wapi, tangu chupa ya mkemia mpaka meza ya daktari, bila kuruka hatua hata moja kwa kisingizio kwamba "hiyo si fani yangu".

Siku ya kwanza niliwawekea picha moja tu ya PET, yaani ya skana inayonasa mionzi ya molekuli iliyodungwa mwilini, ya mwili mzima, bila maelezo, nikawauliza wanaona nini. Daktari akataja ubongo, moyo, kibofu, kisha doa kwenye pafu la kulia. Mwanabiolojia akasema anaona seli zenye njaa ya sukari. Mhandisi akasema anaona chenga nyingi kuliko inavyotakiwa, huenda dozi ilikuwa ndogo au muda wa kupiga picha ulikuwa mfupi. Mkemia alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Hiyo nuru, tunajuaje kama bado imeshikana na molekuli yake?"

Swali hilo nimeliandika juu kabisa ya ubao. Nimewaambia halifutwi mpaka tumalize.

Wiki ya 2

Nadharia, na sikutaka irefuke. Tulianzia kwa Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani aliyegundua miaka ya 1920 kwamba tishu ya saratani hula glukosi kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Tabia hiyo ndiyo tunayoitegea mtego. FDG ni glukosi iliyopachikwa florini-18 yenye mionzi. Seli huipokea mlangoni kama sukari nyingine yoyote, kimeng'enya kiitwacho heksokinesi huibandika fosfeti, na hapo safari inakwama: haisagiki zaidi, wala haitoki kwa urahisi. Inabaki ndani ikitoa positroni, chembe iliyo pacha wa elektroni lakini yenye chaji chanya. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na mahali pake hutoka fotoni mbili, yaani chembe za nuru, kila moja na nishati ya kilo-elektronivolti 511, zikikimbia moja huku na nyingine kule, zimepeana mgongo. Skana huzisubiri zifike mbili mbili.

Binadamu wa kwanza kupigwa picha kwa FDG walidungwa mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Molekuli yenyewe ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, ikapelekwa kwa ndege. Nilipowaambia hivyo mhandisi akachukua kalamu, akaanza kupiga hesabu bila kuambiwa. Nusumaisha ya florini-18, yaani muda ambao nusu ya unururifu wake huwa imekwisha, ni dakika 110 hivi. Ukiondoka na megabekereli 370 (kipimo cha unururifu), baada ya dakika hizo una 185, na zikipita nyingine kama hizo umebakiwa na 92.5. Kwa kaboni-11, atomu nyingine yenye mionzi ambayo nusumaisha yake ni dakika 20 tu, saa mbili zikipita umebaki na sehemu moja kati ya 64. Kimya kilitanda chumbani. Nadhani ndipo walipoelewa kwamba katika kazi hii saa ni kifaa cha maabara sawa na mizani.

Wiki ya 3

Maji yenye rangi ya wino, sirinji, na ngao ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Hakuna mionzi bado. Kila mmoja anavuta maji, anapima, anadunga kwenye mrija mwembamba wa mpira, anarudi kupima kilichobaki ndani ya sirinji, anaandika. Anarudia tena na tena. Daktari alidhani ni kazi ya kitoto kwa mtu aliyekwisha kudunga wagonjwa mamia, lakini kwenye mrija wenye upana wa mshipa wa mkia wa panya mkono wake ulitetemeka kama wa wengine. Mpaka Ijumaa wote walikuwa wamepunguza muda wa kushika sirinji kwa zaidi ya nusu.

Hiyo ndiyo kinga ya kwanza: muda. Ya pili ni umbali, kwa kuwa ukiuongeza mara mbili, mionzi inayokufikia inapungua hadi robo. Ngao inakuja ya tatu. Vijana wengi hukimbilia ngao kwanza kwa sababu inaonekana kwa macho. Kila mmoja amepewa beji ya kupima mionzi kifuani na pete yake kidoleni, na nimeona wanavyozivaa kwa heshima. Hilo limenifurahisha.

Wiki ya 5

Mkemia ametengeneza molekuli yake mwenyewe yenye florini-18, inayonuia kushika protini fulani iliyo nje ya seli za uvimbe. Kromatografia, njia ya kutenganisha na kupima vilivyomo kwenye mchanganyiko, ilionyesha usafi wa zaidi ya asilimia 95. Alikuja na karatasi ya matokeo ameishika kwa mikono miwili. Tukamdunga panya mmoja.

Picha ilipotokea, uvimbe ulikuwa na mwanga hafifu. Kilichowaka ni mifupa. Uti wa mgongo wote, pingili kwa pingili, fuvu, magoti, mabega, utafikiri mtu amechora kiunzi cha panya kwa chaki. Florini inapong'oka kwenye molekuli yake na kuzurura peke yake kwenye damu, hukimbilia mfupani. Chupani molekuli ilikuwa safi. Mwilini ilivunjika kabla ya saa moja kwisha.

Mkemia alikaa mbele ya skrini muda mrefu. Mwanabiolojia alimvutia kiti, akaanza kumweleza vimeng'enya vya ini hukata wapi kwenye molekuli za aina ile, na jioni nikawakuta ubaoni wawili hao wakihamisha florini kutoka kona moja ya mchoro kwenda nyingine. Swali la wiki ya kwanza limejijibu lenyewe, na jibu lake ni baya. Kwangu hii ndiyo siku mradi ulipoanza kweli, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kulitatua peke yake.

Wiki ya 7

Hii nitaiandika kwa urefu.

Mwanabiolojia ana panya wenye uvimbe, nusu wanapewa dawa ya majaribio na nusu hawapewi. Tunawapiga picha kabla ya dawa na siku ya nane, kwa kutumia molekuli iliyobeba galiamu-68, atomu nyingine inayotoa positroni. Galiamu tunaikamua kutoka kwenye jenereta, si ya umeme bali chombo chenye germaniamu-68, ambayo huoza ikageuka galiamu na ambayo nusumaisha yake ni siku 271, kwa hiyo inatufaa kwa miezi mingi. Galiamu yenyewe haina subira: nusumaisha yake ni dakika 68.

Picha za siku ya nane zilionyesha kwamba uvimbe wa panya waliopewa dawa umenyonya molekuli zaidi kuliko mwanzo. Kwa karibu asilimia 12. Mwanabiolojia amefanya kazi na dawa hiyo miaka mitatu. Hakusema kitu, alikwenda kusimama dirishani.

Mhandisi ndiye aliyeomba aone namba za misuli. Nikamuuliza kwa nini misuli, wakati hatuitafiti. Akasema: "Mwalimu, nataka kuona kitu ambacho hakikutakiwa kubadilika." Misuli ilikuwa imepanda kwa asilimia 12. Ini, asilimia 12. Damu ndani ya moyo, vilevile. Panya wasiopewa dawa nao wamepanda, wote, kwa kiwango kilekile. Hakuna dawa duniani inayofanya hivyo.

Tukatoka kwenda kutazama saa. Kwenye chumba cha dozi, kompyuta iliyounganishwa na mashine ya kupimia dozi ilionyesha saa nne na dakika nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Skana ilikubaliana na ya ukutani. Kompyuta ile ilikuwa imechomolewa kwenye mtandao wiki iliyotangulia wakati wa matengenezo, na tangu hapo imekuwa ikichelewa kwa dakika 11, na sisi sote tulipita mbele yake kila siku.

Fuateni hesabu, kwa sababu kila atakayejiunga na mradi huu nitamtaka aifanye mwenyewe. Thamani tunayoiita SUV ni unururifu uliomo ndani ya tishu ukigawanywa kwa dozi iliyodungwa kwa kila gramu ya uzito wa mwili. Kama molekuli ingesambaa mwilini sawasawa, kila mahali pangesoma 1. Sasa, dozi inapimwa kwanza, ndipo inadungwa dakika kadhaa baadaye, na programu inakokotoa imepungua kiasi gani katikati. Saa ya kipimo ikichelewa kwa dakika 11, programu inaamini dozi imekaa mezani dakika 11 zaidi kuliko ilivyokaa. Kwa hiyo inaihesabu kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kigawanyo kikiwa kidogo, jibu linakuwa kubwa. Kwa galiamu-68, dakika 11 ni asilimia 12. Kwa florini-18 ingekuwa 7. Kwa kaboni-11 ingefika 45, na hapo angalau mtu angeshtuka.

Hiyo 12 ndiyo inayonitisha. Ni ndogo kiasi cha kuaminika na kubwa kiasi cha kupotosha. Katika vigezo vya PERCIST vya mwaka 2009, vinavyotumiwa kwa wagonjwa wanaopigwa picha kwa FDG, uvimbe huhesabiwa kuwa umeitikia matibabu pale thamani inaposhuka kwa asilimia 30 au zaidi. Mtu ambaye uvimbe wake umeshuka kwa 35, ukimwongezea kosa la 12, anasomeka ameshuka kwa 27. Anaambiwa dawa haijamsaidia.

Tulizikokotoa upya namba zote. Uvimbe wa panya waliopewa dawa haukupanda wala haukushuka. Dawa haikufanya kazi kwa kipimo kile, na mwanabiolojia ameandika hivyo kwenye daftari lake. Aliniambia afadhali hilo kuliko kukaa mwaka mzima akitafuta kwa nini dawa inachochea saratani wakati haichochei.

Kuanzia sasa, kila Jumatatu kabla ya kazi yoyote, saa zote tatu zinalinganishwa na mtu anatia sahihi. Wiki hii ametia mhandisi.

Wiki ya 9

Wiki ya kuvunja moyo. Mmoja wa wanagenzi amekosa siku tatu kwa sababu msimamizi wa maabara anakotoka anadai saa zake zote. Tulikuwa tumekubaliana kwa maandishi. Nimekwenda kuzungumza mara mbili na nimeahidiwa mara mbili. Mwanasayansi chipukizi akigombaniwa na wakubwa wawili, anayeumia ni yeye, na hathubutu kusema. Nimeamua siku hizo tatu nitamfidia kwa kumfundisha mimi mwenyewe Jumamosi.

Wiki ya 11

Tumerudi kwenye FDG. Panya sita, wenye uvimbe kwenye paja. Daktari alikuwa zamu ya kusoma picha. Aliinama karibu kabisa na skrini, akaita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, imesambaa."

Kweli, katikati ya mabega palikuwa na mwako mkali kuliko uvimbe wenyewe, na vidole viwili vya mwanga vikipanda shingoni. Panya wote sita. Angekuwa mgonjwa, mtu angeanza kufikiria tezi za shingo. Nilimwambia aende akaguse meza walipokuwa panya kabla ya kudungwa. Akaenda, akaweka kiganja, akarudi. "Ni ya baridi."

Panya huwa radhi kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Kwenye chumba ambacho sisi tunakiona kina hali nzuri, yeye anatetemeka, na ili asife baridi huwasha mafuta yake ya kahawia, yaliyojazana katikati ya mabega, ambayo kazi yake ni kuchoma sukari na mafuta yatoe joto. FDG hufuata moto huo kama inavyofuata saratani. Haijui tofauti. Siku mbili baadaye tuliwarudia panya walewale: tumewafungisha chakula, tumewaweka kwenye pedi ya joto nusu saa kabla ya sindano, tumewatia nusukaputi mapema na kuwaacha humo muda wote wa kusubiri. Mabegani giza. Uvimbe kwenye paja ukaonekana peke yake, umetulia, na ukingo wake unasomeka vizuri.

Daktari alitaka kufuta picha za kwanza. Nimezikataza zisifutwe. Zimewekwa pamoja na za pili, ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya watakaokuja.

Kuna jambo jingine nililoliona wiki hii, na si dogo. Panya mmoja wa kwanza alisoma thamani za chini kila mahali. Mkemia akashuka na picha mpaka mkiani, ambako wengi hukata picha ili kuokoa nafasi, na hapo palikuwa na kibonge cha mwanga: robo ya dozi haikuingia mshipani, imebaki chini ya ngozi. Sasa mkia haukatwi kwenye picha yoyote.

Wiki ya 13

Tumekwenda hospitali, kwenye idara ya tiba ya nyuklia. Mkemia alifika kabla ya mapambazuko ili ashuhudie FDG ya siku hiyo ikitengenezwa nyuma ya kuta za risasi, ikipimwa usafi na kuachiliwa. Sisi wengine tulimkuta kwenye chumba cha kusubiria.

Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, amekubali kwa hiari yake tukae naye kabla ya sindano. Alimuuliza mkemia: "Hii dawa mwanangu, imekaa siku ngapi?"

"Imetengenezwa leo alfajiri, mama. Nilikuwepo."

"Leo hii?"

"Leo hii. Kesho itakuwa haifai."

Mama aliitazama ile sirinji ndani ya ngao yake kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akitazama sirinji. Kisha muuguzi akamdunga, akamfunika blanketi zito, akamwomba alale kimya saa nzima, asisome, asizungumze hata kwa simu. Taa zikapunguzwa.

Nje ya mlango daktari wetu alinong'ona: "Blanketi." Nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameona panya sita pale kitandani. Binadamu naye ana mafuta ya kahawia, shingoni na juu ya mitulinga, na akipigwa na baridi yatawaka vilevile. Ukimya nao una sababu: mtu anayezungumza anafanyisha kazi misuli ya zoloto, nayo itanyonya sukari na kuacha mwanga kooni ambao msomaji wa picha atalazimika kuutilia shaka. Hata kufunga kula kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo ni kwa ajili hiyo, insulini isije ikaisukuma FDG kwenye misuli. Mambo yote ambayo mgonjwa huyaona kama amri za hospitali tu, wanagenzi wangu walikuwa wamekwisha kuyalipia kwa makosa yao.

Siku hiyohiyo daktari bingwa wa idara alituonyesha picha ya mgonjwa mwingine, jina limefunikwa, yenye vinundu vinavyowaka kwenye pafu. Wote wanne walisema saratani. Ilikuwa kifua kikuu. Seli za kinga zinapopambana na vijidudu vyake, nazo pia hula sukari. Na saratani nyingi za tezi dume, kinyume chake, hazili glukosi kiasi cha kuonekana vizuri, ndiyo maana watu walihangaika kutafuta molekuli inayoshika PSMA, protini iliyojaa kwenye uso wa seli hizo. Ile yenye galiamu-68 iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2020, na mwanzoni mwa 2022 ikaidhinishwa nyingine inayolenga protini hiyohiyo, iliyobeba lutetiamu-177, atomu yenye mionzi, ili kuua seli za saratani badala ya kuzionyesha tu. Mkemia aliandika kurasa nne garini tukirudi.

Wiki ya 16

Zoezi la kuzungushia uvimbe mstari. Picha kumi zilezile, kila mmoja peke yake, bila kujua panya yupi alipewa dawa. Mwanabiolojia alifuata jicho lake. Mhandisi aliweka kizingiti cha asilimia 41 ya thamani ya juu kabisa. Daktari alichora kwa ukarimu, kama anayehofia kuacha kitu nje. Ujazo wa uvimbe uleule ulitofautiana kupita kiasi, na ubishi ukawa mkali.

Nikawaletea fantomu, yaani silinda ya plastiki yenye mirija ya upana wa milimita 1, 2, 3, 4 na 5, yote imejazwa maji yenye unururifu sawa. Mrija wa milimita 5 ulisoma karibu na ukweli. Wa milimita 1 haukufika hata nusu, ingawa maji ni yaleyale, kwa sababu nuru ya kitu kidogo kuliko uwezo wa skana humwagikia jirani. Tukarudi kwenye zile picha kumi. Uvimbe wawili ulikuwa mdogo mno kusemewa neno lolote, na wote wanne wamekubaliana kuuondoa, kabla hatujafungua bahasha ya kuonyesha nani alipewa dawa. Sharti hilo la kuamua kabla ya kufungua ni lao. Mimi sikulitamka.

Wiki ya 18

Molekuli ya mkemia imerudi, florini ikiwa imehamishwa. Jana imedungwa kwa panya watatu, waliopashwa joto, saa zimelinganishwa, mikia imo kwenye picha. Mifupa inaonekana kwa mbali sana. Uvimbe unaonekana. Bado kuna mwanga mwingi kwenye utumbo ambao hatujaufurahia, na mwanabiolojia anadhani nyongo ndiyo inayoubeba kutoka kwenye ini. Sampuli za damu za dakika 10, 30 na 60 zimo kwenye jokofu, zinasubiri kromatografia ituambie ni kiasi gani cha molekuli kimebaki kizima.

Wameomba waandike wenyewe andiko la mradi wa awamu ya pili, wote wanne kwa pamoja, na kila mmoja aandike sehemu ya fani isiyo yake. Mhandisi ameshika kemia. Rasimu yake ya kwanza imerudishwa na mkemia ikiwa imejaa wino mwekundu kuliko mweusi, na wanakutana kesho saa mbili, baada ya kukagua saa.